Nilivyoharibu fremu ya mlango kwa kuisafisha

Karavani yetu, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, tuliipata ikiwa na miaka 11 ya barabara mgongoni. Tuliikagua kama wanunuzi wengi wanavyokagua: tukafungua makabati, tukanusa magodoro kutafuta harufu ya unyevu, tukalala chini kutazama ekseli na breki. Yote yalikuwa sawa. Kilichonikera ni alumini. Fremu ya mlango ilikuwa imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kizingiti kilijaa mikwaruzo ya viatu vya watu nisiowafahamu. Reli ya kushikia turubai la kivuli ilikuwa na rangi ya sarafu iliyokaa sana mfukoni, na kwenye ncha zake mbili iliteremka michirizi meusi juu ya ubavu mweupe, mfano wa wanja uliolowa machozi.

Mwenzangu alisema nyumba ni nzima, tufunge mizigo twende. Mimi nikasema haiondoki mpaka ing'ae. Kichwani nilikuwa na picha za zile karavani za Marekani zinazofanana na bodi ya ndege, Airstream Clipper ya mwaka 1936 na wadogo zake, mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti, mtu anaweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Nilidhani alumini yote imezaliwa iwe vile, na kwamba isipong'aa ni kwa sababu uchafu umeifunika.

Nilianza na dawa ya kuondolea grisi ya injini. Ilikuwa ghalani, ilikuwa kali, na mimi nilikuwa na haraka. Nikaipuliza juu ya fremu ya dirisha la nyuma, halafu simu ikaita. Niliporudi, dakika kumi hivi baadaye, dawa ilikuwa imeteremka na kukauka, na mahali ilipopita palibaki michirizi ya rangi ya maziwa. Nikasuuza. Ikabaki. Nikasugua kwa sabuni, ikabaki. Kesho yake nikasugua tena kana kwamba usiku ungeilainisha.

Sikujua kwamba alumini ina tabia moja isiyo ya kawaida: huliwa na asidi na huliwa na magadi pia. Ngozi yake ya oksidi hutulia kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi na magadi, katikati ni 7) kati ya 4 na 8.5 hivi, nje ya hapo, upande wowote, huanza kuyeyuka. Dawa nyingi za grisi ni za upande wa magadi makali. Ile michirizi haikuwa kitu kilichobaki juu ya fremu, ilikuwa sehemu ya fremu iliyokwisha ondoka. Hakuna kitambaa kinachorudisha kitu kilichoondoka. Nimeambiwa baadaye kwamba hata simenti mbichi ikirukia fremu ya alumini huacha alama kama ile ile, kwa sababu hiyo hiyo, na nimejifunza kutoegesha karibu na mahali watu wanapojenga.

Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilichukua sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, nikahamia kwenye kizingiti. Kwa saa moja kilipendeza kweli. Mikwaruzo mikubwa ilimezwa na mikwaruzo midogo elfu, na ikitazamwa kwa mbali ilikuwa kama mng'ao. Ikanyesha mvua wiki nzima. Tulipofungua mlango, kizingiti kilikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo kama viini vya ufuta, kila mahali. Alumini haishiki kutu ya kahawia. Ile ilikuwa kutu ya chuma: vipande vidogo vya ile sufi vilikuwa vimevunjika na kujikita ndani ya metali laini, sasa vinaoza humo. Nilivitoa kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti cha mbao na maji ya limau, nikisuuza kila mara, alasiri mbili nzima. Tangu siku ile chuma cha kusugulia hakikanyagi karavani. Ikibidi kusugua, natumia sifongo ya nailoni, na bado naanzia mahali pasipoonekana.

Hayo yote yalikuwa utangulizi tu. Kilichobaki ni fremu ya mlango yenyewe, ambayo nilikuwa nimeiweka mwisho kama mtu anavyoweka kipande kizuri cha nyama kando ya sahani.

Nilinunua msasa wa aina tatu, 800, 1200 na 2000, mkebe wa polishi ya metali, na kigurudumu cha sufi cha kufunga kwenye drili. Nikaanza juu kwenda chini. Na hapa ndipo ninapojicheka mpaka leo, maana nakumbuka jinsi nilivyofurahi kuona tambara likiwa jeusi. Jeusi ti! Kila nikibadilisha upande, linakuwa jeusi tena. Nikamwita mwenzangu aje aone uchafu wa miaka 11 unavyotoka. Nilitumia matambara tisa. Jioni nusu ya juu ya fremu iling'aa kama kijiko kipya, nami nikakaa chini na mgongo unauma, nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nusu ya chini nikaiacha kwa wikiendi ijayo.

Bahati njema wikiendi ile alikuja fundi. Alikuja kwa ajili ya breki tu. Ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache, amezitengeneza karavani muda mrefu kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote. Alipomaliza chini, akafuta mikono, akapita mlangoni, akasimama. Akapitisha kidole gumba kutoka juu ya fremu hadi chini, akavuka mpaka wa kazi yangu, akarudi juu.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi, mzee. Nusu bado."

"Nusu bado," akarudia, kama mtu anayeshukuru. "Basi iache hivyo hivyo, kijana wangu."

Hakunihubiria. Alitoa kwenye begi lake mita ya umeme, ile ya kupimia waya, akaiweka pale inapolia ikiwa umeme unapita. Akagusisha ncha zote mbili kwenye nusu ya chini, ile iliyofifia. Kimya. Akazigusisha kwenye nusu yangu ya juu. Ikalia pii, mfululizo. "Hapa chini imevaa," akasema. "Huku juu umeivua."

Kisha akafanya jambo lililoniumiza zaidi. Alichomoa mpira wa mlango kidogo kwenye kona ya chini na kunionyesha alumini iliyokuwa chini yake tangu kiwandani, mahali ambapo jua, mvua wala kidole havikuwahi kufika. Ilikuwa imefifia. Rangi ile ile, ukungu ule ule wa upole. Fremu ile haikuwahi kung'aa siku hata moja ya maisha yake. Nilitumia matambara tisa kuirudisha mahali ambapo haikuwahi kuwa.

Nilisoma baadaye, kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Alumini ikiachwa wazi hujifunika yenyewe kwa oksidi mara tu inapogusana na hewa, lakini ngozi hiyo ni nanomita chache tu. Kwa vitu vitakavyokaa nje, viwanda huizamisha kwenye asidi ya salfa na kupitisha umeme, na ngozi ile hukua mpaka maikromita 15 au 25. Kwa vitu vya ndani huweza kuwa 5 tu. Hiyo ndiyo huitwa anodaizi. Hata ile ya maikromita 25 ni kama theluthi ya unene wa unywele, lakini ni oksidi ile ile inayofanya yakuti kuwa yakuti, ngumu kuliko alumini iliyo chini yake, na haipitishi umeme, ndiyo maana mita ilinyamaza. Mara nyingi kabla ya kuanodaizi metali hufifishwa makusudi, ili ukungu ule ufiche mistari ya kiwandani na alama za vidole. Yaani kile nilichokiita uzee ndicho kilichokuwa vazi. Na weusi wa matambara yangu haukuwa uchafu. Ni alumini yenyewe, iliyosagwa laini mno, na ikisagwa hivyo huwa nyeusi. Anodaizi nzima haimchafui mtu vile. Tambara likianza kuwa jeusi ujue umeshapita vazi, uko kwenye ngozi.

Zile karavani za zamani za Marekani nilizozihusudu bati lao ni tupu, halina anodaizi, na wenye nazo wanaotaka kioo wanajua wamejifunga: hupiga polishi, hurudia, hurudia tena. Hilo ni penzi, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na fremu isiyohitaji penzi langu.

Lakini fundi hakuwa amemaliza. Alipokuwa anaelekea kwenye gari lake alizunguka nyuma ya karavani, na nikamwona anasimama kwenye kona ambayo mimi sikuwahi kuitazama mara mbili, kwa sababu haikuwa na sura mbaya. Kila ukingo wa karavani, pale ukuta unapokutana na paa au ukuta mwingine, hufunikwa kwa ukanda wa alumini uliofungwa kwa skrubu, na juu ya skrubu hupachikwa utepe wa plastiki ili zisionekane. Utepe wetu ulikuwa umesinyaa. Plastiki hiyo hupungua ikipigwa na jua miaka mingi, na ncha yake ilikuwa imepanda juu kiasi cha vidole viwili, ikiacha skrubu moja wazi. Kichwa cha skrubu hiyo kilizungukwa na unga mweupe kidogo, kama aliyekanda mkate amegusa pale akapita.

"Mlango wako utaishi," fundi akasema. "Hii ndiyo ya kukukosesha usingizi."

Skrubu ilikuwa ya chuma, ukanda wa alumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, hasa maji yenye chumvi ya barabarani (ile inayomwagwa kuyeyusha barafu) au ya baharini, huwa betri ndogo, na kwenye betri hiyo alumini ndiyo inayolipa. Unga mweupe ndio malipo yenyewe. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo huinua ukanda polepole na kubandua gundi ya kuzibia iliyo chini yake. Hapo maji hayahitaji mwaliko. Nyuma ya ukanda kuna fito za mbao, na nyuma ya mbao kuna ukuta wa kitanda chetu.

Tuliing'oa ile skrubu hapo hapo. Ilitoka bila kupinga, ikiwa na uji wa mbao kwenye meno yake. Mbili za jirani zilikuwa hivyo hivyo. Ya nne ilikuwa kavu na ikakataa kutoka, na sijawahi kufurahia skrubu iliyogoma kama nilivyoifurahia ile.

Kazi iliyofuata ilichukua siku nne na haikuwa na mng'ao wowote. Tulishusha ukanda wote wa kona, tukakwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki, tukaacha mbao zikauke kwa feni, tukakata kipande kilichooza na kuunga kingine. Ukanda wenyewe tuliusafisha ule unga kwa brashi ya nailoni. Palibaki vishimo kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui, tukauacha, kwa sababu vishimo hivyo havivuji. Tukaweka gundi mpya ya kuzibia ya aina isiyokauka ikawa ngumu, na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Hizo nazo ni metali nyingine, betri haiishi kwa kubadilisha jina la chuma, kwa hiyo kila moja tuliipaka dawa ya kutenganisha metali kabla ya kuiingiza. Utepe mpya wa plastiki fundi alinikataza kuuvuta wakati wa kuupachika. Ukiuvuta unakaa vizuri siku hiyo, kisha unarudi kwenye urefu wake na kuacha ncha wazi. Unausukuma kwa kidole, kidogo kidogo, na mwishoni unaacha ziada.

Siku hizi nikitazama alumini ya karavani, siulizi tena kama inapendeza. Natazama alama imekaa wapi. Mikwaruzo ya kizingiti ni viatu, basi. Kufifia kwa mshikio wa kabati ni jasho la mikono, na jasho lina chumvi, kitambaa chenye maji kinatosha. Ile michirizi meusi ubavuni, iliyonikera kuliko yote, ni vumbi, masizi na mafuta yanayotoka kwenye mpira na gundi, maji ya mvua yakiyabeba yote mpaka mwisho wa reli na kuyatua pale pale kila siku. Ni uchafu wa njia ya maji tu. Nilipandisha vimfereji vidogo vya plastiki kwenye ncha za reli ili maji yadondoke mbali na ukuta, na michirizi ikapungua sana. Lakini mchirizi unaotokea katikati ya reli, mahali ambapo maji hayana sababu ya kutokea, huo nauchukulia ngazi nikautazame.

Kwenye fremu za madirisha zilizopakwa rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu kisha ikaokwa, kuna alama nyingine ambayo ilinitisha bure. Chini ya rangi hutokea mistari myembamba iliyoinuka, imejipinda kama njia za funza. Huanzia kwenye mkwaruzo au kwenye ncha iliyokatwa, pale rangi ilipofunguka, kisha unyevu na chumvi hujipenyeza kati ya rangi na metali. Inachukiza kutazama, ila inakwenda juu juu tu. Nimeikwangua mpaka kwenye metali nzima, nikapaka praima ya alumini na rangi, na sehemu moja imerudi. Nyingine hazijarudi. Siilaumu rangi, nadhani nilifanya uvivu kwenye kukwangua.

Kuna pia vitu visivyo alumini kabisa. Kitasa cha bafu letu kilianza kubambuka, nikatayarisha dawa zangu zote, kumbe ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Mita ya umeme haikulia, nikajipongeza kwamba ni anodaizi nzuri. Kucha ya mwenzangu ndiyo iliyotoa jibu.

Kosa langu la mwisho la maana lilitokana na kutaka kulinda. Baada ya yale ya kizingiti niliweka mkeka wa mpira juu yake, viatu visikwaruze tena. Tukakaa wiki tatu karibu na bahari. Nilipouinua mkeka nilikuta mchanga, maji ya chumvi yaliyonaswa, na vishimo vyeupe vilivyopangana kwa umbo la mkeka wenyewe, kama muhuri. Alumini inayopata hewa hujiponya ngozi yake. Iliyofunikwa na unyevu wa chumvi haipati nafasi hiyo. Mikwaruzo ya viatu ingechukua miaka kufanya kilichofanywa na mkeka kwa wiki tatu. Mkeka sasa uko nje, chini ya ngazi.

Nguzo za turubai nazo zilikuwa zinakwama zikiingizwa moja ndani ya nyingine, alumini juu ya alumini, zikikwaruzana mpaka zinashikana kama zimeunganishwa kwa moto. Nilizipaka mafuta. Mafuta yakashika vumbi, vumbi likawa msasa. Sasa nazifuta zikiwa kavu na kuzipitishia kipande cha mshumaa. Reli ya turubai vivyo hivyo: brashi kavu kwanza kutoa mchanga, ndipo kitambaa kinaingizwa.

Usafi wangu umekuwa mfupi hata mwenzangu anatania kwamba nimekuwa mvivu. Sabuni ya kawaida isiyo kali, maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kivulini. Napaka kuanzia chini kupanda juu ili maji machafu yasichore mistari kwenye sehemu kavu, kisha nasuuza kuanzia juu na kukausha. Nta mara mbili kwa mwaka. Hakuna zaidi.

Isipokuwa ile nusu ya juu ya fremu ya mlango. Iling'aa kama wiki tano. Kisha ikaanza kuwa na madoa ya kijivu, kila tone la mvua likiacha duara lake, na alama za vidole zikijiandika kabisa ndani yake. Nilifikiria kuipaka vanishi. Fundi akasema itabanduka kwenye pembe na maji yataingia chini yake. Nilifikiria kuianodaizi upya. Ingebidi kuing'oa fremu yote ukutani, na rangi isingelingana na madirisha. Nilifikiria kumalizia ile nusu ya chini, angalau zifanane. Hilo nalifikiria bado, siku za mvua, nikiwa nimekosa kazi.

Kwa hiyo kila tunapofika mahali, kabla ya kushusha miguu ya karavani vizuri, natoa kitambaa na mkebe wa nta na kufuta kuanzia juu hadi kwenye ule mstari karibu na kitasa, mahali drili iliposimama jioni ile. Wageni huuliza kwa nini mlango una rangi mbili. Chini ya mstari sijagusa kitu.